Mkia Kwanza: Kumpiga Picha Ndege Mvumaji Mwenye Raketi

Picha nyingi za mvumaji mkia-raketi zina kasoro moja. Jicho ni kali, mabawa yamegandishwa, koo linang'aa kijani. Kisha unatazama mkia, na zile raketi mbili (visahani vya manyoya kwenye ncha za mkia) zilizomfanya mtu asafiri hadi milima ya Andes zimekuwa madoa yenye ukungu, au moja imekatwa na ukingo wa picha. Hii hutokea kwa sababu vifaa vyote vilipangwa kwa ajili ya mabawa. Mabawa yana tatizo lao, na dawa yake inajulikana. Mkia una matatizo yake mengine: unakaa mbali na jicho, ni mweusi, na hubaki nyuma mwili unapogeuka. Anayepanga kazi kuanzia mkiani hupata na mabawa. Anayeanzia mabawani mara nyingi huukosa mkia.

Wavumaji ni ndege wa mabara ya Amerika peke yake. Kwetu Afrika nafasi yao kwenye maua ameishika chozi, ambaye si ndugu yao wa karibu. Chozi kwa kawaida hutua juu ya shina au ua ndipo anywe mbochi. Mvumaji huelea hewani mbele ya ua. Ugumu wote wa kazi hii unatokana na tofauti hiyo.

Mkia-raketi anayepigwa picha zaidi ni *Ocreatus underwoodii*. Uzito wake haufiki gramu 3, yaani pungufu ya sukari ya kijiko kimoja cha chai. Dume ana urefu wa sentimita 12 hivi, na karibu nusu yake ni mkia. Manyoya mawili ya nje ya mkia yamerefuka. Sehemu ya kati imebaki karibu uti mtupu, na ncha imepanuka kuwa kisahani cha buluu iliyoiva hadi kuelekea weusi. Miguuni ana vishungi vya manyoya kama soksi za sufi. Katika miteremko ya magharibi ya Andes nchini Ekuador, kama vile Mindo na bonde la Tandayapa, soksi hizo ni nyeupe. Upande wa mashariki na kuteremka hadi Peru yuko ndugu yake mwenye soksi za rangi ya mchanga wa kahawia. Jike hana raketi, kwa hiyo usimlaumu mwongozaji wako akikuonyesha mkia-raketi asiye na raketi.

Kina cha fokasi ndicho kinachoamua

Chukua kamera yenye sensa kamili ya milimita 36 na lenzi ya milimita 300. Ukisimama mita 2 kutoka kwa ndege, upana wa picha unakuwa sentimita 20 hivi, nafasi inayomtosha dume pamoja na mkia wake na hewa kidogo ya kuzunguka. Kwa ukubwa huo, kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linalotoka kali, kwenye f/5.6 ni milimita 12 tu (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Kwenye f/8 ni milimita 17, kwenye f/16 milimita 35, na kwenye f/22 karibu milimita 48, ila hapo picha nzima huanza kulainika kwa sababu mwanga unatawanyika ukipita kwenye tundu dogo mno. Kwa kamera yenye sensa ndogo ya APS-C, f/11 hukupa takriban kile ambacho f/16 inampa mwenye sensa kamili.

Sasa weka hesabu hiyo juu ya mwili wa ndege. Kutoka mdomoni hadi kwenye raketi ni sentimita 12. Ndege akiwa ubavu kamili mbele ya lenzi, jicho na raketi viko karibu umbali mmoja, na hata f/8 yaweza kutosha. Akigeuka nyuzi 15, ncha ya mkia inarudi nyuma ya mdomo sentimita 3 hivi. F/16 bado inaimudu. Akigeuka nyuzi 30, tofauti inafika sentimita 6, na hakuna tundu la lenzi litakalokuokoa. Ndiyo maana tunasema f/16 ni sharti, lakini haitoshi peke yake. Lazima umgeuze ndege.

Na ndege anageuzika. Mvumaji hulitazama tundu anakonywea. Ukizungusha mdomo wa ua uelekee kulia au kushoto, sambamba na uso wa sensa, naye atasimama ubavu. Kwenye chupa ya kulishia yenye matundu manne, ziba matatu kwa utepe na uliache lile la pembeni. Watu hutumia saa nzima kurekebisha kamera ilhali kuligeuza ua nyuzi 20 kungemaliza kazi.

Shika kamera kwa wima, au acha nafasi kubwa chini upande wa mkia. Mvumaji anayeelea hulaza mwili kwa mshazari, mkia ukining'inia chini. Jicho likiwekwa katikati ya picha, raketi hutoka nje. Weka jicho katika theluthi ya juu. Fokasi iwe ya mkono, ifungwe mahali jicho litakapokuwa, kwa sababu fokasi ya kujiendesha hupenda kulirukia ua au soksi nyeupe. Kijiti chenye alama, kilichosimamishwa mahali hapo kisha kikaondolewa, kinatosha kupimia.

Kwa nini flashi, na kwa nini iwe dhaifu

Mabawa ya wavumaji wadogo hupiga mara 50 hivi kwa sekunde. Bawa la sentimita 5 likifagia hewa kwa kasi hiyo, ncha yake inakwenda takriban mita 15 kwa sekunde. Shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, ikiwa wazi kwa 1/1000 ya sekunde inaiacha ncha isogee sentimita moja na nusu. Shata ya 1/4000 bado inaiacha isogee milimita 4. Ili msogeo ushuke chini ya milimita 1 unahitaji muda wa 1/16,000 au mfupi zaidi, ukiwa na f/16, ndani ya msitu wa mawingu ambako mchana wenyewe una giza. Mwanga wa kawaida hauwezi.

Flashi ndogo ya juu ya kamera inaweza. Inapopunguzwa nguvu, mwanga wake haufifii; hukatwa mapema. Flashi ya Nikon SB-800, ambayo vipimo vyake vilichapishwa na mtengenezaji, hutoa mwanga wa 1/1050 ya sekunde kwa nguvu kamili, 1/2700 kwa robo, 1/10,900 kwa 1/16 ya nguvu, 1/17,800 kwa 1/32, na 1/32,300 kwa 1/64. Flashi nyingine za aina hiyo hazipishani nayo sana. Kumbuka kwamba kwa kawaida muda unaotangazwa hupimwa mwanga ukiwa juu ya nusu ya kilele chake; baada ya hapo bado kuna mkia wa mwanga unaofifia, na mkia huo huchora kivuli chembamba kwenye ncha ya bawa. Ukiona kivuli hicho kwenye 1/16, shuka hadi 1/32.

Kwa hiyo anayegandisha bawa ni flashi. Shata kazi yake ni kuwa wazi tu flashi inapowaka, na kwa kamera nyingi hiyo ni 1/200 au 1/250. Hapa ndipo penye kosa linalorudiwa kuliko yote: mtu huweka shata 1/4000 na kuiruhusu flashi iingie katika hali ya mwendo kasi. Juu ya 1/250 shata haifunguki yote kwa pamoja. Hupitisha ufa mwembamba kutoka upande mmoja hadi mwingine, na flashi hulazimika kumeta mfululizo ili kuufuata ufa huo. Matokeo yake flashi imegeuka taa ya kawaida, nguvu imepotea, na bawa linachorwa kwa 1/4000 badala ya 1/17,800. Zima hali hiyo kabisa.

Kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zina mtego mwingine. Shata ya kielektroniki husoma sensa mstari kwa mstari, na kwa kamera nyingi usomaji huo ni wa polepole kiasi kwamba bawa hupinda kama ndizi katikati ya picha. Nyingi pia haziwashi flashi kwa shata hiyo. Tumia shata ya mitambo.

Nguvu ikiwa ndogo hivyo, flashi lazima ziwe nyingi na ziwe karibu. Mpangilio unaofanya kazi ni wa flashi 5 au 6, zote za aina moja, zote zikipangwa kwa mkono kwenye 1/32 ya nguvu, ISO 400 (wepesi wa sensa kupokea mwanga), f/16. Mbili mbele, sentimita 50 kutoka mahali pa ndege: moja juu kidogo ya lenzi, nyingine chini yake ikijaza vivuli vya tumbo, kila moja ikiwa na kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga. Mbili nyuma, kulia na kushoto nje ya picha, zikielekezwa kwenye mgongo na mkia. Moja au mbili kwa ajili ya mandharinyuma. Mwanga ukipungua usikimbilie kuongeza nguvu, maana kila hatua inarefusha muda wa mwanga, sogeza flashi. Kutoka sentimita 50 hadi 35 mwanga unakuwa maradufu.

Zote ziwe na nguvu sawa. Mtu akiacha ya mandharinyuma kwenye robo ili nyuma pang'ae, mwanga wake wa 1/2700 huendelea kuwaka baada ya zile nyingine kuzima, na ukingo wa bawa na raketi hulika: unaona mandharinyuma yakipenya ndani ya unyoya. Vilevile rimoti za redio ziwe za aina moja. Mwanga wa 1/20,000 ukichelewa kidogo tu kwenye flashi moja unapata ncha mbili za bawa. Usitumie hali ya kujipima pia. Hutoa mmweko mdogo wa majaribio kabla ya picha, na ndege humudu kusogea au kufumba jicho.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi hulipuuza. Zima flashi zote, piga picha kwa mipangilio ileile. Picha inapaswa kuwa nyeusi. Ukiona umbo la ua au anga, mwanga wa mchana unaingia, na kwa 1/200 ya sekunde utachora mzuka wa mkia pembeni ya mkia halisi. Raketi ndizo zinazoumia zaidi hapa, kwa kuwa ni nyeusi mbele ya nyuma iliyo angavu. Tandika turubai juu ya eneo la kupigia, au shusha ISO hadi 200 na usogeze flashi karibu. Siku ya mawingu mahali pa wazi, bila turubai, mzuka utakuwepo.

Weusi wa raketi, weupe wa soksi

Hiki ni kiumbe kilichobeba nyeupe kabisa na karibu nyeusi kabisa katika mwili wa sentimita 12. Ukipima kwa ajili ya raketi, soksi zinaungua na kubaki tundu jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Pima kwa ajili ya soksi: washa onyo la kuungua, linalometa pale weupe ulipozidi, punguza hadi mmeto wa mwisho utoweke kwenye soksi, piga kwa RAW (faili ghafi la kamera). Raketi ziokolewe kwa mwanga wa nyuma, si kwa kompyuta. Zile flashi mbili za nyuma huchora mstari mwembamba wa buluu kwenye ukingo wa kila kisahani, na mstari huo ndio unaoitenganisha raketi na giza. Zizungushie karatasi nyeusi pembeni ili zisimwage mwanga ndani ya lenzi.

Mandharinyuma yenyewe yasiwe meusi. Bila kuwashiwa flashi yake, msitu ulio nyuma hutoka kama usiku, na raketi hupotea humo. Chapisha picha ya majani yenye ukungu kwenye kitambaa kisichong'aa, sentimita 60 kwa 90, kijani hafifu au kijivu cha ukungu, uisimamishe mita 1 nyuma ya ua. Wapo wanaoliona hilo kuwa udanganyifu. Rangi ya msitu wa Tandayapa saa nne asubuhi ni hiyohiyo ya ukungu. Weusi wa flashi ndio usiokuwepo pale. Ila ukiichapisha picha, sema ilivyopigwa.

Kijani cha koo hakitokani na rangi ya kupaka. Ndani ya unyoya kuna visahani vidogo mno vyenye hewa, vilivyopangwa kwa tabaka, vinavyorudisha rangi moja kwa pembe maalumu. Flashi ya mbele ikikaa mbali pembeni, koo hilohilo hutoka jeusi. Ndiyo sababu flashi kuu inakaa karibu na mhimili wa lenzi. Kwa nguvu ndogo mwanga wa flashi pia huelekea ubuluu. Piga kadi ya kijivu mahali pa ndege kabla hujaanza, ya kurekebishia rangi.

Ua, sukari na wakati wa kubonyeza

Maji ya sukari ni sehemu 1 ya sukari nyeupe kwa sehemu 4 za maji, kwa ujazo. Asali hapana, kwa sababu huchacha haraka na kuotesha kuvu. Rangi nyekundu haina faida. Sukari bandia haimpi ndege nguvu yoyote. Badilisha kila siku moja au mbili na uoshe chupa kwa maji ya moto.

Unapotaka picha ya ua, ondoa chupa moja na usimamishe ua mahali pake, ukiliwekea matone ya maji ya sukari kwa bomba la sindano kila baada ya ziara chache. Chagua ua fupi. Mdomo wa mkia-raketi ni mfupi na mnyoofu, zaidi kidogo ya sentimita 1. Maua ya miti ya *Inga* anayafikia, ua lenye shingo ya sentimita 5 halifikii, na picha yake hapo itakuwa ya uongo. Chupa nyingine ziache zikiwa zimejaa, mita 5 au 6 kando. Hizo pia huwavuta wakorofi kama *Boissonneaua flavescens*, aliye mkubwa zaidi na ambaye huwafukuza wadogo. Usiondoe chupa alfajiri wala jioni: usiku mvumaji anaweza kushusha joto la mwili na kuzimia nusu ili kuokoa nguvu, na sukari ya mwanzo na ya mwisho wa siku ndiyo inayomvusha.

Mkia-raketi huja polepole, akiyumba kama nyuki mkubwa. Akiwa ameingiza mdomo uani, mkia umefumbwa na raketi zimekaribiana. Hiyo si picha. Baada ya sekunde chache hujitoa kinyumenyume, mwili unasimama wima, mkia unafunguka kama herufi V, na raketi zinachelewa nyuma zikipinda. Hapo ndipo. Kwa hiyo fokasi isifungwe kwenye midomo ya ua bali sentimita 6 hadi 8 mbele yake, anakorudi. Piga fremu 2 au 3, acha. Ukimimina mfululizo flashi hazijai sawasawa na fremu za mwisho zinatoka nusu giza. Fremu nyingi zitakuwa takataka, hata kwa wazoefu.

Ndege aliyetua ni habari nyingine na nyepesi. Zima flashi, fungua f/8, shata 1/200 juu ya stendi, ISO 1600 hadi 3200. Madume hurudi kwenye kijiti kilekile, kwa hiyo lenga kijiti na usubiri.

Beba betri za kuchaji 24, nne kwa kila flashi, na mifuko ya plastiki kwa kila flashi, maana alasiri ukungu hushuka na kuwa mvua bila taarifa. Lenzi ikitoka chumba chenye joto ikaingia kwenye unyevu hupata jasho. Iache nje dakika 20 ndani ya mfuko uliofungwa.

Yule wa bonde la Utcubamba

Kaskazini mwa Peru, hasa katika bonde la mto Utcubamba, yuko mvumaji ambaye mkia wake hauna mfano: *Loddigesia mirabilis*. Andrew Matthews alimkusanya mwaka 1835 kwa ajili ya George Loddiges, ndipo jina lilipotoka. Wavumaji kwa kawaida wana manyoya 10 mkiani. Huyu ana 4. Mawili ya nje ya dume ni nyuzi ndefu zinazopishana kama mkasi, kila moja ikiishia kwenye kisahani kikubwa cha zambarau-buluu, na anaweza kuziendesha kila moja kwa upande wake. Kwa miaka mingi amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Hifadhi ya Huembo karibu na Pomacochas, inayosimamiwa na shirika la uhifadhi la ECOAN, ina chupa za kulishia anakofika.

Hesabu ya mkia-raketi haimtoshi. Visahani vyake viko mbali zaidi na mwili na havikai kwenye ubapa mmoja: kimoja mbele, kingine nyuma. Ongeza upana wa picha hadi sentimita 30 kwa kurudi mita 3. Kwenye f/16 kina cha fokasi kinapita sentimita 7, na unapunguza kingo za picha baadaye ukihitaji. Kwenye chupa anakaa kitambo kifupi kabla wakubwa hawajamfukuza, kwa hiyo kila kitu kiwe kimefungwa mapema.

Mahali madume wanapocheza mbele ya majike, wakitikisa visahani kuzunguka kichwa, flashi zisifike. Hapo tumia mwanga uliopo, lenzi ya 500 au zaidi, 1/1000 kwa ISO 6400, na ukubali bawa liwe moshi. Visahani vyenyewe husimama kwa nukta mwisho wa kila mtikiso, na ndipo vinapotoka vikali. Kaa chini, usikate matawi kusafisha njia ya lenzi, maana dume hutumia vijiti hivyohivyo kila siku. Akisita kucheza na kubaki akigeuza kichwa upande wako, umekaribia mno. Rudi nyuma hatua kumi.